Mfahamu Dk. Garrod, daktari aliyeanzia kwenye nepi nyeusi

Leo stori ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, funga kwanza zile kurasa za mpira.

Mwezi Mei 2025 kuna habari ilizunguka dunia nzima kutoka Philadelphia, Marekani. Mtoto mchanga wa kiume alizaliwa na ugonjwa unaompata mtoto 1 kati ya watoto kama milioni 1.3. Ini lake lilikuwa linashindwa kuondoa amonia, ile sumu inayobaki mwilini protini ikishavunjwa. Karibu nusu ya watoto wa namna hiyo hufa wangali wachanga kabisa. Sasa madaktari wa Hospitali ya Watoto ya Philadelphia na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wakasoma jeni za yule mtoto, wakaona mahali penye kosa, wakatengeneza dawa ya kwenda kurekebisha kosa lile lile, kwenye ini la mtoto yule yule. Dawa ya mtu mmoja! Kazi ilichukua miezi kama 6 hivi, na Februari 2025 akapewa dozi ya kwanza.

Watu walishangilia na mimi nilishangilia. Ila katika shangwe zote zile kuna jina moja sikulisikia kabisa, nikaona nisikae kimya. Ugonjwa wa yule mtoto upo kwenye ukoo wa magonjwa ambao uliwekwa pamoja na kupewa jina mwaka 1908 na mzee mmoja Mwingereza, mpole, asiyependa makelele, ambaye maisha yake yote hakuwa na dawa hata moja ya kuwapa wagonjwa hao. Anaitwa Archibald Garrod. Alifariki 1936. Ukisikia watu wanasema siku hizi tiba inaelekea kufuata mwili wa mtu mmoja mmoja, ujue wazo hilo yeye alishaliandika zaidi ya miaka 120 iliyopita, tena kwa kuangalia mkojo.

Tuanze mwanzo. Archibald Edward Garrod alizaliwa London tarehe 25 Novemba 1857. Kwa lugha ya mtaani tungesema ni mtoto wa kishua. Baba yake, Alfred Baring Garrod, alikuwa daktari mkubwa, ndiye aliyeonyesha kwamba wagonjwa wa jongo wanakuwa na asidi ya yuriki nyingi kwenye damu, na baadaye akawa miongoni mwa madaktari wa Malkia Victoria. Kaka yake mmoja alikuwa mtaalamu wa wanyama mwenye jina, akafa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 33 tu. Yaani kwenye nyumba ile sayansi ilikuwa inaliwa mezani pamoja na chai.

Huyu wetu lakini shuleni hakung'ara. Alisoma Marlborough, shule ya wenye uwezo, na huko waliokuwa wanaonekana vichwa ni wale wa Kilatini na Kigiriki, masomo ambayo yeye yalimpiga chenga vibaya. Alipofika Oxford na kuachiwa asome sayansi, akamaliza na daraja la kwanza mwaka 1880. (Nyie mnaoambiwa hamna akili kwa sababu ya somo moja, mnaona?) Akaenda kusomea udaktari hospitali ya St Bartholomew's ya London, ambayo wenyewe wanaiita Barts, akafuzu 1884, akapita Vienna kidogo kujiongezea ujuzi, akarudi. Mwaka 1886 akamwoa Laura Smith, binti wa daktari mpasuaji wa hapo hapo Barts. Walijaliwa watoto 4, wavulana 3 na msichana 1. Hao watoto tutawarudia.

Pale Barts cheo kilikuwa kinaenda kwa foleni. Unasubiri aliye mbele yako astaafu au afe. Garrod alisubiri, akasubiri, mpaka 1912 ndipo akawa daktari kamili wa hospitali ile, akiwa na miaka 54. Ndugu zangu, miaka 54! Mtu mwingine angekata tamaa au angeanza majungu ya ofisini. Yeye muda ule wa kusubiri akautumia kwenye kitu ambacho wenzake walikuwa wanakimwaga chooni.

Alikuwa anapenda rangi. Sio rangi za picha, rangi za mkojo. Kwa nini mkojo una njano ile? Kwa nini wa mgonjwa fulani unakuwa mwekundu kama mvinyo? Alikuwa anaupitishia mwanga na kupima ni rangi zipi zinapotea, akishirikiana na kijana wa kemia aitwaye Frederick Gowland Hopkins, ambaye baadaye, mwaka 1929, alipata tuzo ya Nobel kwa kazi ya vitamini. Wawili hawa waliandika makala za mkojo ambazo nadhani hata wake zao hawakuzisoma.

Toka 1892 Garrod alikuwa pia anatibu hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, hapo hapo London. Huko ndiko alikokutana na mtoto wa nepi.

Alikuwa mtoto wa kiume wa miezi michache tu. Shida yake ni kwamba nepi zake zilikuwa zinageuka rangi ya kahawia iliyokolea, zikikaa zinakuwa kama nyeusi. Mama anafua kwa sabuni, doa ndio linazidi kukolea! Hali hiyo ilikuwa inajulikana na madaktari wachache, inaitwa alkaptonuria. Kuna asidi inaitwa homojentisiki, ambayo mimi na wewe tunaitengeneza mwilini tukila nyama, maharage au samaki, halafu tunaivunja sekunde ile ile bila kujua. Mwenye alkaptonuria haivunji. Inatoka ilivyo kwenye mkojo, na ikikutana na hewa, au na kitu kama sabuni, inakuwa nyeusi.

Sasa lazima ukumbuke enzi zile zilikuwaje. Pasteur na Koch walikuwa wametoka kuuonyesha ulimwengu kwamba magonjwa yanaletwa na vijidudu, na kila mtu alikuwa anatafuta kijidudu chake. Kuhusu alkaptonuria pia wakubwa walishasema, kuna vijidudu tumboni vinatengeneza hiyo asidi. Mtoto kaambukizwa, basi, faili linafungwa.

Garrod hakulifunga. Alijua kwamba mama yule ana mtoto mwingine mwenye hali hiyo hiyo. Na mwaka 1901 unaanza, mama alikuwa mjamzito tena. Hapo ndipo jamaa alipofanya kitu ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko mashine nyingi za leo: akawaomba wauguzi waziangalie nepi za mtoto atakayezaliwa, moja moja, toka saa ya kwanza. Mtoto akazaliwa mwezi Machi. Nepi za mwanzo safi. Wakaendelea kuangalia. Ilipofika saa 52 baada ya kuzaliwa, doa likatokea.

Saa 52 ni siku 2 na saa 4. Mtoto ndio kwanza ameanza kunyonya. Hivyo vijidudu vya tumbo vimeingia lini na kuzaliana lini kiasi hicho? Garrod akaona hapana, hiki kitu mtoto amezaliwa nacho.

Halafu akauliza swali la pili, swali la nyumbani kabisa, kuhusu wazazi. Ikagundulika baba na mama wa mtoto ni mabinamu, mama zao ni ndugu wa tumbo moja. Akaanza kufuatilia familia nyingine zenye alkaptonuria, na hapo ujue kwamba dunia nzima wakati huo wagonjwa walioandikwa kwenye vitabu walikuwa kama 40 tu. Akakuta hali ni ile ile: wazazi wenyewe wazima, hawana doa lolote, lakini mara nyingi kupita kawaida ni mabinamu. Na kwenye familia moja anaweza kuwapo mtoto mmoja, wawili, watatu wenye hali hiyo, na wengine wazima kabisa.

Waliofika kidato cha nne mmeshaanza kutabasamu. Mendel na njegere zake! Sisi darasani tulimkariri Mendel kwa ajili ya maksi, njegere ndefu na njegere fupi, hakuna aliyetuambia kwamba binadamu wa kwanza kuingizwa kwenye hesabu ile walikuwa watoto wenye nepi nyeusi. Kazi ya Mendel ilikuwa imetoka 1866, ikasahaulika, ikafufuliwa 1900. Mwingereza aliyekuwa anaipigia debe zaidi ni William Bateson wa Cambridge. Alipoona alichoandika Garrod akashtuka, maana mabinamu ndio hasa unaowategemea ukiwa unatafuta sifa inayojificha. Wakaandikiana barua.

Naomba nieleze hili taratibu, kwa sababu ndipo penye ugomvi majumbani. Kila jeni unayo mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kwa magonjwa ya namna hii, ukiwa na moja mbovu na moja nzima, nzima inafanya kazi, wewe hujui chochote, unazeeka salama. Tatizo linakuja pale watu wawili wanapokutana na kila mmoja amebeba ile mbovu. Hapo kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kupata zote mbili mbovu. Ni hesabu ile ile ya selimundu, AS na AS wakizaa SS. Kuoana mabinamu hakutengenezi ugonjwa, kunaongeza tu uwezekano kwamba wote wawili mmerithi jeni ileile kutoka kwa babu mmoja. Watu wa pwani na ndugu zetu wa Oman ambako ndoa za binamu ni jambo la kawaida, msinirukie hapo chini kwenye maoni, wengi wenu mmezaa watoto wazima na sayansi inasema hivyo hivyo. Ninachotaka mkione ni hiki: kinatoka kwa baba NA kwa mama. Nusu kwa nusu. Hakuna hata siku moja ambapo ni mama peke yake.

Desemba 1902 Garrod akachapisha makala yake kwenye jarida la Lancet. Ndani yake kulikuwa na wazo kubwa kuliko alkaptonuria yenyewe. Alisema kwamba hakuna watu wawili ambao kemia ya miili yao inafanana moja kwa moja, kama vile hakuna sura mbili zinazofanana kabisa. Wagonjwa wake wa nepi nyeusi ni mfano tu uliokithiri wa kitu tulichonacho sote. Kwa hiyo chakula kile kile, dawa ile ile, kijidudu kile kile, kwako kitafanya hivi na kwangu vile. Mwaka 1902 huo! Umeme wenyewe majumbani ulikuwa wa kuhesabu.

Mwaka 1908 Chuo cha Kifalme cha Madaktari kikamwita kutoa mihadhara, na mwaka uliofuata ikatoka kitabu. Humo akakusanya hali 4 na kusema zote ni ndugu. Ya kwanza alkaptonuria. Ya pili sistinuria, inayoleta mawe kwenye figo. Ya tatu pentosuria, ambayo sukari fulani inatoka kwenye mkojo na mtu hadhuriki. Na ya nne, wadau, ni ualbino.

Hoja yake naielewa kwa daladala. Chukulia chakula kinapita mwilini kama daladala inavyopita vituo, na kila kituo kina kondakta wake, ndio tunamwita kimeng'enya. Kondakta wa kituo fulani asipokuwepo, gari haliendi mbele. Yatatokea mambo mawili. Nyuma ya kituo magari yanajazana, na hizo ndizo nepi nyeusi. Mbele ya kituo hakuna gari linalofika, na abiria wanasubiri kitu kisichokuja. Ualbino ni wa aina hiyo ya pili: mwili unashindwa kufikia mwisho wa safari ya kutengeneza melanini, ile rangi ya ngozi, nywele na macho. Basi. Ni kituo kimoja kimekwama kwenye safari moja.

Nawaomba tusimame hapa kidogo. Tanzania inakadiriwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, wakati Ulaya na Marekani ni kama 1 kati ya 17,000 mpaka 20,000. Kwa hiyo katika zile hali 4 za Garrod, hii ni ya kwetu kuliko ya kwao. Na sisi tumeifanyia nini? Kuanzia kama 2006 na 2007, hasa Kanda ya Ziwa, watu walianza kuuawa na kukatwa viungo kwa sababu mganga kasema viungo vyao vinaleta utajiri. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mwenyewe ana ualbino, angalau sauti ikasikika bungeni. Lakini wangapi wameachwa na waume zao kwa kuzaa mtoto mweupe? Mwanaume anasema huyu si wangu, au ukoo wenu mna laana. Mzee Garrod alishamjibu bwana huyo mwaka 1908: mtoto hawezi kuwa hivyo bila wewe kutoa nusu yako. Kitabu kilikuwepo miaka karibu 100 kabla ya mapanga yale.

Hata huko kwao hakikusomwa kama kilivyostahili. Sio kwamba walimdharau, hapana. Mwaka 1910 aliingizwa kwenye Royal Society, akapewa heshima zote. Ila walimpigia makofi kisha wakakiweka kitabu kabatini. Madaktari waliona ni magonjwa ya watu 40, yatanisaidia nini wodini kwangu wakati nina wagonjwa wa kifua kikuu mia? Watu wa jeni nao walikuwa na njegere na kuku wao, kemia ya mkojo hawaijui. Yeye akawa amesimama katikati peke yake. Na hili suala la kusema ni wachache achana nao, mpaka leo ndilo jibu wanalopewa wazazi wenye mtoto mwenye ugonjwa adimu.

Msifikiri nampamba. Garrod alikosea pia, na alikosea pakubwa. Mwanzoni aliamini alkaptonuria haina madhara, ni rangi tu ya mkojo. Kumbe ile asidi inajikusanya miaka na miaka kwenye gegedu za viungo na uti wa mgongo, inazifanya nyeusi na kukatika kama kigae, na mtu akifika miaka 30 au 40 mgongo, magoti na nyonga vinaanza kumtesa. William Osler, daktari maarufu kuliko wote wa enzi hizo, aliandika habari hiyo ya gegedu mwaka 1904. Na Garrod huyu huyu alishaandika kitabu kizima cha magonjwa ya viungo mwaka 1890! Wagonjwa wake walikuwa watoto, na watoto hawajaanza kuumwa mgongo. Aliona alichokuwa nacho mbele yake.

Halafu ikaja vita ya 1914. Garrod alipelekwa Malta, kisiwa ambacho kilikuwa kama wodi kubwa ya majeruhi na wagonjwa wa Mediterania, akakaa huko mpaka 1919 kama daktari mshauri wa jeshi. Wakati yeye anatibu watoto wa wenzake, wa kwake walikuwa wanaisha. Mei 1915 Thomas alikufa kwa majeraha. Januari 1916 Alfred, ambaye naye alikuwa daktari kama baba na babu yake, aliuawa Ufaransa. Akabaki Basil. Vita ikaisha, watu wakapumua. Mwaka 1919 Basil akiwa Cologne, Ujerumani, anasubiri kuruhusiwa kurudi nyumbani, akashikwa na ile homa ya mafua iliyokuwa inaua dunia nzima, akafa.

Wavulana wote 3. Mzee aliyetumia maisha yake kuonyesha kitu gani kinapita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto.

Alibaki binti, Dorothy. Huyu naye ni stori yake peke yake, ila kwa kifupi: alikuwa mwanaakiolojia, akachimba mapango ya Mlima Karmeli huko Palestina kati ya 1929 na 1934, na mwaka 1939 akawa profesa Cambridge, mwanamke wa kwanza kupata kiti cha uprofesa Oxford au Cambridge. Hapo hapo Cambridge wanawake walikuwa bado hawapewi digrii kamili, mpaka 1948. Yaani mwalimu anafundisha kwenye chuo ambacho msichana akifaulu hapati cheti kama mwenzake. Baba yake hakuishi kuiona siku ile, alikosa kwa miaka 3.

Mwaka 1920 Garrod alipewa kiti cha juu kabisa cha udaktari Oxford, kiti alichokiacha Osler alipofariki. Akakaa mpaka 1927. Mwaka 1931, mzee wa miaka 73, akatoa kitabu cha mwisho, na humo akalivuta wazo lake la ujana mpaka mwisho: kwamba sio magonjwa adimu tu, hata magonjwa ya kawaida yanampata mtu kufuatana na kemia aliyozaliwa nayo, ndio maana wawili wanalala kitanda kimoja, mmoja anaugua na mwingine haugui. Kilisomwa na wachache. Akahamia Cambridge karibu na binti yake, na hapo akafariki tarehe 28 Machi 1936.

Sasa angalieni mambo yalivyokwenda baada ya hapo. Mwaka 1941 Wamarekani wawili, Beadle na Tatum, walikuwa wanachezea ukungu unaoota kwenye mkate. Wakaupiga mionzi kuharibu jeni, wakakuta kila jeni moja ikiharibika, kimeng'enya kimoja kinakosekana. Wakapata Nobel 1958. Na Beadle kwenye hotuba yake ya kupokea tuzo alikiri wazi kwamba walichofanya ni kugundua upya kitu ambacho Garrod alishakiona zamani. Nimependa hiyo, wangapi wangekiri? Mwaka huo huo wa 1958 watafiti wa Marekani walipima ini la mgonjwa wa alkaptonuria, wakakuta vimeng'enya vyote vya njia ile vipo isipokuwa kimoja, kile kile alichosema mzee. Mwaka 1996 Wahispania wakaipata jeni yenyewe.

Na dawa? Dawa ilitokea shambani. Kuna kampuni ya madawa ya kilimo ilikuwa inatafuta sumu ya magugu, wakapata kemikali inayofunga kituo fulani kwenye mimea. Kumbe kituo hicho hicho kipo na kwa binadamu, na kiko nyuma kidogo ya pale magari ya alkaptonuria yanapokwama! Ukiyasimamisha hapo nyuma, hayafiki kwenye foleni, na ile asidi nyeusi haitengenezwi. Dawa inaitwa nitisinoni. Ilitumika kwanza kwa watoto wa ugonjwa mwingine wa ini wa ukoo huo huo. Kwa alkaptonuria ilibidi kusubiri jaribio la wagonjwa 138 huko Uingereza, Ufaransa na Slovakia, matokeo yakatoka 2020, asidi ilishuka kwa zaidi ya asilimia 99, na Ulaya ikaipitisha mwaka huo huo. Hesabu mwenyewe, 1902 mpaka 2020 ni miaka 118.

Nitisinoni lakini ni dawa ya wote wenye ugonjwa ule. Ya mtu mmoja ilianza kuonekana Januari 2018, Boston. Msichana mdogo alikuwa na aina ya ugonjwa wa Batten, unaoua ubongo pole pole, anapofuka, anashindwa kutembea. Kosa kwenye jeni yake lilikuwa la kwake peke yake. Timu ya daktari Timothy Yu ikatengeneza dawa ndani ya mwaka mmoja, inaitwa milasen, na hakuna mtu mwingine duniani ambaye ingemfaa. Degedege zilipungua. Lakini ugonjwa ulishakula sehemu kubwa, na Februari 2021 akafariki. Nimeliweka hili kwa makusudi maana magazeti yanapenda miujiza tu. Ilikuja, ikasaidia, ikawa imechelewa.

Huyu wa Philadelphia wamemuwahi. Baada ya dozi ya kwanza akapewa nyingine Machi na Aprili 2025, akaanza kuhimili protini zaidi kwenye chakula na dawa nyingine zikapunguzwa, na mwezi Juni 2025 alitoka hospitali akaenda nyumbani. Waliweza kumuwahi kwa sababu walijua ana nini ndani ya siku chache tu toka azaliwe. Walipima damu. Kwetu mtoto kama huyu analegea, hanyonyi, anatapika, siku ya 4 anazikwa, na kinachofuata ni mama kuulizwa alikula nini au alimkosea nani. Dawa ya mtu mmoja inagharimu fedha za kutisha, hilo najua, sijalala nikaota kwamba kesho itakuwa Mwananyamala. Lakini kuangalia nepi na kuandika saa, kuuliza wazazi wote wawili na sio mama tu, kumkinga mtoto mwenye ualbino na jua kwa kofia, mikono mirefu na mafuta kama yale ya Kilisun yaliyoanzia Moshi, hivyo havihitaji Philadelphia.

Kama nyumbani kwenu au kwa jirani kuna mtu mwenye hali ambayo hospitali imeshindwa kuipa jina, andikeni hapo chini mlianzia wapi na mmefikia wapi, bila kutaja majina ya watu. Nitayasoma yote.

Nawasilisha.